Kupima Mvutano na Mwendo wa Ganda la Dunia Katika Bonde la Ufa: Mwongozo wa Kazi ya Uwandani

Picha za rada zinazopigwa na setilaiti zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2006 ardhi ya mlima Longonot, karibu na Ziwa Naivasha, ilipanda kwa takriban sentimita 9, na kwamba Paka, volkano iliyo mbali kaskazini mwa Longonot katika Bonde la Ufa la Kenya, ilipanda kwa takriban sentimita 21 mwaka 2006 na 2007. Mwinuko wa namna hiyo mchungaji anayepita hapo na mifugo yake hauoni. Rada inauona, lakini haiwezi kueleza ni nini kilichoinua ardhi: inaweza kuwa magma mpya iliyopanda kutoka chini, au gesi, au maji ya moto yaliyotanuka ndani ya nyufa za miamba. Magma ni nzito na gesi ni nyepesi, na tofauti hiyo ya uzito hubadilisha, kwa kiasi kidogo sana, mvutano wa dunia unaopimika juu ya ardhi. Ndiyo maana mpimaji anayetaka kujua kinachotokea chini ya volkano, au chini ya eneo la jotoardhi, ambako mvuke wa chini ya ardhi huvunwa, kama Olkaria karibu na Naivasha, hupima mambo mawili kwa pamoja: mvutano, na kimo cha mahali alipoupimia. Kipimo kimoja bila kingine ni namba isiyo na maana, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya namna ya kuhakikisha kwamba viwili hivyo havitengani.

Ukubwa wa kitu unachokitafuta

Kabla ya kugusa chombo chochote, mpimaji anapaswa kuwa na namba chache kichwani. Mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia ni takriban mita 9.78 kwa sekunde ya mraba kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia. Wapimaji hutumia kizio cha gali, ambacho ni sentimita 1 kwa sekunde ya mraba. Sehemu ya elfu moja ya gali ni miligali, na sehemu ya elfu moja ya miligali ni maikrogali. Maikrogali moja, kwa hiyo, ni takriban sehemu moja katika bilioni ya mvutano wote unaotushikilia chini.

Ukikipandisha chombo cha kupimia mvutano, yaani gravimita, kwa sentimita 1, usomaji unapungua kwa takriban maikrogali 3.09, kwa sababu kimesogea mbali zaidi na kitovu cha dunia. Maji ya ardhini yakipanda kwa mita 1 katika mwamba ambao sehemu yake ya kumi ni matundu, usomaji unaongezeka kwa takriban maikrogali 4. Mwezi na jua, vinavyovuta ardhi ngumu kama vinavyovuta bahari, hubadilisha usomaji kwa maikrogali 200 hadi 300 katika siku moja, na ardhi yenyewe hupanda na kushuka kwa desimita kadhaa bila sisi kuhisi. Badiliko linalotokana na magma au na uvunaji wa mvuke kwa kawaida ni makumi ya maikrogali. Ni wazi basi kwamba unachokitafuta ni kidogo kuliko vitu kadhaa visivyokuhusu, na kazi ni kuviondoa kimoja baada ya kingine.

Vyombo

Gravimita inayobebwa uwandani ni mizani ya springi: kipande kidogo cha uzito kinaning'inia ndani ya sanduku lenye joto lisilobadilika, na chombo kinapima jinsi springi inavyovutika. Gravimita za zamani za LaCoste & Romberg zina springi ya chuma, na zile za Scintrex, ambazo ndizo zinazoonekana zaidi leo, zina springi ya kwatzi na husoma hadi maikrogali 1. Vyombo hivi vinapima tofauti kati ya mahali na mahali tu. Haviwezi kukuambia mvutano kamili ni kiasi gani. Kwa mvutano kamili kuna gravimita nyingine, kama FG5, inayoangusha kioo ndani ya ombwe na kufuatilia anguko lake kwa leza na saa ya atomi, kwa usahihi wa takriban maikrogali 2. Hiyo ni mashine ya kuwekwa chumbani, kwenye sakafu imara, na nafasi yake katika kazi yetu ni kuthibitisha bikoni ya marejeo, yaani alama ya kudumu ardhini ambayo vipimo vingine hulinganishwa nayo, kila baada ya miaka kadhaa.

Kwa upande wa mwendo wa ganda, chombo kikuu ni kipokezi cha GPS cha daraja la upimaji, kinachopokea walau masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti na kutumia antena ambayo tabia zake zimepimwa maabara. Simu ya mkononi haifai, na hata kipokezi cha mpima viwanja kinachotoa jibu papo hapo kwa njia ya redio hakifai, kwa sababu usahihi wake wa wima ni wa sentimita chache, na sentimita chache katika kazi hii ni maikrogali kumi au zaidi.

Bikoni

Wanaoanza kazi hii hufikiri kwamba ubora unatoka kwenye gravimita, ambayo bei yake aghalabu inazidi ya gari linaloibeba. Kwa maoni yangu ubora unatoka kwenye bikoni, yaani lile jiwe au zege lenye pini ya chuma ambalo mpimaji atarudi juu yake mwaka ujao na miaka kumi ijayo. Bikoni iliyojengwa vibaya itapanda na kushuka kufuata mvua, na chombo kizuri kitarekodi mwendo huo kwa usahihi mkubwa.

Tafuta mwamba mtupu kwanza. Karibu na Olkaria na Longonot sehemu nyingi zimefunikwa na majivu ya volkano yaliyo laini, na ikibidi kujenga juu yake, chimba hadi ukutane na tabaka gumu, kisha mwaga zege lenye nondo. Epuka kabisa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kwa maana unaweza kuinua zege kwa sentimita kadhaa. Juu ya bikoni kunatakiwa sehemu bapa inayotosha stendi ya gravimita, na katikati yake pini ya chuma kisichoshika kutu yenye alama ya nukta ambayo antena itasimamishwa juu yake. Usitumie pini ya shaba inayong'aa, kwani itang'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jambo moja halimo katika vitabu vya jiofizikia, nalo ni kuongea na wenyeji. Mtu anayeamka na kukuta zege lenye namba karibu na boma lake ana haki ya kudhani kwamba ardhi yake inapimwa ili ichukuliwe, na wapo wanaoamini kwamba chini ya bikoni kuna mali iliyozikwa. Pita kwa chifu au mwenyekiti wa kijiji, waeleze wazee kwamba alama hiyo si ya mpaka, na ukiweza waonyeshe chombo kikifanya kazi. Bikoni ambayo majirani wanajua kazi yake hudumu kuliko iliyozungushiwa seng'enge.

Bikoni za eneo lenyewe zipangwe zikiwa nyingi karibu na mahali unapotarajia mabadiliko na chache kadiri unavyotoka nje. Picha za rada husaidia sana hapa: zinaonyesha ni wapi ardhi imesogea, nawe unapanda bikoni zako kuvuka sehemu hiyo. Bikoni ya marejeo, ambayo vipimo vyote vitalinganishwa nayo, ni lazima iwe nje kabisa ya eneo linalobadilika, na ni busara kuwa nazo mbili ili moja ikisogea ugundue.

Kuhakiki gravimita

Kila gravimita ina kizidishi kinachogeuza usomaji wake kuwa miligali, na kizidishi hicho hubadilika polepole kadiri springi inavyozeeka. Kosa la sehemu moja katika elfu kumi halina madhara kati ya bikoni zilizo kwenye kimo kimoja, lakini kati ya sakafu ya bonde na ukingo wa volkano, ambapo tofauti inaweza kufika miligali 100, kosa hilohilo linazaa maikrogali 10 za uongo. Kabla ya kila msimu, safirisha chombo kati ya sehemu mbili zinazotofautiana sana kimo na ambazo mvutano wake umeshapimwa kwa gravimita ya mvutano kamili, pima mara kadhaa kwenda na kurudi, kisha linganisha.

Siku mbili kabla ya kwenda uwandani, chombo kiwashwe na kisizimwe tena hadi kazi iishe. Joto la ndani likipotea, springi inahitaji muda mrefu kutulia. Beba betri za akiba zilizojaa, na usiku chombo kilale kwenye umeme.

Siku ya kazi

Anza kwenye bikoni ya marejeo mapema asubuhi, kabla ya upepo na jua kali. Weka stendi, tua gravimita juu yake kwa upole, kisha kaa mbali nayo kwa dakika kadhaa, kwa sababu springi iliyotikiswa garini huendelea kujirudi kwa muda. Fungua mwavuli mkubwa upande wa jua na wa upepo. Gari lisimame mbali na injini izimwe. Msaidizi asitembee huku na huko, kwani nyayo zake zinasomeka. Ndani ya Olkaria kuna mabomba ya mvuke yanayotetema na mitambo ya kuchimba visima, na ukiona usomaji unatawanyika kupita kawaida, subiri au urudi jioni. Sehemu ya eneo hilo imo ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, kwa hiyo askari wa wanyamapori si anasa: anayeinama kusoma skrini hamwoni nyati.

Kusawazisha ndiko kunakodai mkono mtulivu. Zungusha skrubu mbili za mbele kwa pamoja na kwa pande zinazokinzana hadi mwinamo wa upande mmoja uwe sifuri, kisha skrubu ya tatu kwa upande wa pili, na urudie, kwa maana kila moja huvuruga nyingine kidogo. Chombo kikiinama kwa sekunde 10 za pembe, usomaji unapungua kwa takriban maikrogali 1. Kikiinama kwa sekunde 30 unapungua kwa maikrogali 10. Madhara yanakua kwa mraba wa pembe, kwa hiyo baki ndani ya sekunde 10 na ukague tena katikati ya usomaji, hasa zege likiwa limeanza kupata jua upande mmoja.

Soma walau mara tano, kila mara kwa sekunde 60. Mfululizo ukipanda au kushuka upande mmoja, chombo hakijatulia. Endelea hadi usomaji ucheze juu na chini ya thamani moja. Halafu pima kwa rula ya chuma kimo kutoka alama ya bikoni hadi alama ya chombo, hadi milimita, na uandike daftarini hata kama inaonekana ni ileile ya jana.

Kisha nenda bikoni ya pili, ya tatu, na urudi kwenye marejeo ndani ya saa tatu au nne. Kurudi huko ni lazima, kwa sababu usomaji wa springi huhama siku nzima hata chombo kikiwa mahali pamoja. Tuseme, baada ya kuondoa athari ya mwezi na jua, marejeo yalisoma miligali 2415.312 saa mbili asubuhi na 2415.336 saa tano. Chombo kimehama kwa maikrogali 24 katika saa tatu, yaani 8 kwa saa. Bikoni ya kati ilisoma 2398.674 saa tatu na nusu, wakati ambapo marejeo yangesoma 2415.324, tofauti ni miligali 16.650 pungufu. Ikiwa chombo kilisimama sentimita 26.4 juu ya marejeo na sentimita 27.1 juu ya bikoni ya kati, ile sentimita 0.7 ya ziada imepunguza usomaji kwa maikrogali 2.2, na tofauti halisi inakuwa miligali 16.648 pungufu. Rudia mzunguko huo siku nyingine, na ikiwezekana kwa gravimita ya pili. Majibu mawili yakiachana kwa zaidi ya maikrogali 10, pima mara ya tatu badala ya kuchukua wastani na kuondoka.

Saa zilizotajwa katika mfano huo zinaleta hatari ambayo vitabu vya watengenezaji haviijui. Programu ya kukokotoa athari ya mwezi na jua inadai saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma ya saa ya Nairobi, Dodoma na Kampala. Msaidizi anayeandika "saa 2:00 asubuhi" kwa hesabu yetu ya kawaida, na karani anayeichukua kuwa 02:00, akatoa saa tatu na kuingiza 23:00 ya jana yake kwenye kompyuta badala ya 05:00, wametengeneza kosa la saa sita. Kwa kuwa athari hiyo hujaa na kupwa takriban kila baada ya saa sita, kosa hilo linageuza kujaa kuwa kupwa, na maikrogali mia moja au mia mbili zinaingia hesabuni zikiwa na alama isiyo yake. Andika saa ya UTC daftarini tangu mwanzo na uweke saa ya gravimita kuwa UTC pia.

Kupima kimo na mwendo

Antena ya GPS isimamishwe juu ya bikoni ileile, katika juma lilelile la kipimo cha mvutano. Itazame kaskazini kwa alama yake, iwe juu ya nukta kwa usahihi wa milimita, na kimo chake kipimwe pande tatu, mwanzoni na mwishoni. Andika kama umepima wima au mshazari, na hadi sehemu gani ya antena. Rekodi nyingi nzuri zimeharibika kwa kukosa mstari huo mmoja. Acha kipokezi kirekodi saa 24 kwa siku mbili au tatu mfululizo, na uweke mlinzi.

Hesabu zifanywe baadaye, data sahihi ya njia za setilaiti inapotangazwa, takriban wiki mbili hivi baada ya kipimo, kwa kuunganisha na vituo vya kudumu kama vya Malindi, Mbarara na kile cha Kasarani jijini Nairobi. Usishangae kuona kila bikoni imesogea kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita 2 na nusu au zaidi kwa mwaka. Hiyo ni safari ya bara zima, na ni lazima iondolewe ndipo kutanuka kwa bonde lenyewe, ambako nchini Kenya ni milimita chache tu kwa mwaka, kuonekane. Kwa kasi hiyo vipimo viwili vilivyopishana mwaka mmoja havithibitishi kitu. Panga miaka mitano au zaidi. Kimo huwa na shaka mara mbili au tatu ya ile ya ulalo, kutokana na unyevu wa hewa. Pima mwezi uleule kila mwaka, vinginevyo utachanganya masika na kiangazi. Maji ya ardhini nayo yafuatiliwe kwenye visima vya karibu, na karibu na Naivasha kina cha ziwa kiandikwe pia, maana ziwa hilo hupanda na kushuka sana.

Kusoma matokeo

Kutoka badiliko la mvutano ondoa sehemu inayotokana na kimo, kisha ya maji ya ardhini. Kinachobaki ni badiliko la uzito chini. Chukua mwinuko wa sentimita 9 kama ule wa Longonot. Kimo peke yake kingepunguza mvutano kwa takriban maikrogali 28. Ukikuta umepungua kwa 28 kamili, ardhi imepanda bila uzito unaopimika kuongezeka, na gesi au maji yaliyotanuka kwa joto vinashukiwa. Ukikuta umepungua kwa 10 tu, kuna maikrogali 18 za ziada, na hapo kuingia kwa magma kunastahili kuzungumzwa. Ukikuta umepungua kwa 45, kitu kimetoka. Ile namba 3.09 kwa sentimita ni wastani wa dunia. Kwenye miteremko ya volkano hutofautiana, kwa hiyo uipime mwenyewe kwa kusoma chombo chini, kisha juu ya meza imara yenye kimo cha takriban mita moja.

Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu mwaka 1981, swali ni la namna nyingine. Mvuke ukivunwa haraka kuliko maji yanavyorudi, mvutano unapungua juu ya visima; maji yakirudishwa ardhini, unapanda kuzunguka visima vya kurudishia. Hapa ramani ya mabadiliko ya maikrogali inamwonyesha mhandisi maji yake yamekwenda wapi, jambo ambalo kipimo cha shinikizo katika kisima kimoja hakiwezi kulionyesha.

Matetemeko yanapoanza

Ratiba ya mwaka haifai tena ardhi ikianza kutikisika mfululizo. Julai 2007, karibu na mlima Gelai kusini mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, matetemeko yalifuatana kwa wiki kadhaa, kubwa likiwa la ukubwa wa 5.9 tarehe 17. Ukuta wa magma ulikuwa umepenya chini bila kufika juu, na Ol Doinyo Lengai, jirani yake, ulilipuka kwa nguvu tarehe 4 Septemba. Katika hali ya namna hiyo washa kwanza vipokezi vya GPS kwenye bikoni zote zinazofikika kwa usalama na uviache vikirekodi, kwa kuwa mtikisiko hauviathiri sana, ilhali gravimita haitatulia. Mvutano upimwe katika vipindi vya utulivu, ukianza na bikoni zilizo mbali na kukaribia hatua kwa hatua, na mizunguko yote ifungwe kwenye bikoni ya marejeo ya mbali zaidi, kwani ile ya karibu huenda nayo imesogea. Faili ghafi za kila siku zinakiliwe kwenye diski mbili kabla ya kulala, moja ikae garini na nyingine iondoke eneo hilo.